Safari ya familia kusini mwa Afrika: punguzeni nchi, fuateni maji

SWALI: "Kaka, habari za kazi. Tuko watu sita hapa Dar es Salaam: mimi na mume wangu, watoto wa miaka 14, 10 na 5, na mama mkwe wangu mwenye miaka 68. Tumedunduliza miaka mitatu, na likizo ya shule ya Juni tunataka kwenda kusini kwa siku 14. Orodha yetu ni Maporomoko ya Victoria, Chobe na Okavango kule Botswana, Kruger ya Afrika Kusini, halafu tumalizie Cape Town. Mume wangu anataka tukodi gari tuendeshe wenyewe mwanzo mpaka mwisho. Mikumi na Serengeti tumeshafika. Je, mpango huu unawezekana? Tujiandaeje kwa baridi, malaria na karatasi za watoto? Na huyu mdogo, atakumbuka chochote, au nimwache kwa dada yangu?"

JIBU: Dada, kwanza mfikishie mama mkwe shikamoo yangu. Yeye na huyo mdogo ndio watakaopanga mwendo wa safari hii, hata kama hawajui. Kijana wa miaka 14 anavumilia saa nane garini. Bibi wa miaka 68 na mtoto wa miaka mitano hawavumilii, na wakichoka hao wawili, nyote mmechoka.

Mpango wenu unawezekana. Nimewahi kupeleka familia kwenye sehemu hizo zote tano ndani ya siku 14, miaka ya mwanzo ya kazi hii, nikidhani mteja akiona vingi ndiyo amepata haki yake. Walirudi na picha za kila mahali. Mwaka mmoja baadaye nilikaribishwa kwao chakula cha mchana, nikawasikiliza wakisimulia: mizigo iliyochelewa, foleni za mpakani, kuamka saa tisa usiku kuwahi ndege. Simba walikuwa wamewaona, lakini hakuna aliyewataja. Tangu siku hiyo kazi yangu kubwa imekuwa kufuta majina kwenye orodha za watu, na leo nafuta kwenye yako.

Tuanze na umbali. Kutoka Livingstone, mji wa Maporomoko ya Victoria upande wa Zambia, hadi Kasane, lango la Chobe, ni kama kilomita 70 na ushee, safari ya asubuhi moja. Kasane hadi Maun, mji wa Okavango, ni kama 600 kwa lami. Kutoka Maun hadi Kruger ni zaidi ya 1,000. Kutoka Johannesburg hadi Cape Town ni 1,400. Ukizigawa kwa siku 14, mtoto wenu wa mwisho atakayoiona Afrika ya kusini ni ile ya dirishani, akiwa amefungwa mkanda.

Cape Town naifuta bila kusita, na sababu ni hali ya hewa. Sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika hupata mvua wakati wa joto, kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili. Cape Town ni kinyume: mvua yake ni ya majira ya baridi, Juni hadi Agosti. Mkifika mwisho wa Juni mtakuta Mlima wa Meza, wenye mita 1,086, umejifunika wingu, na gari la kamba linalopanda juu yake limesimamishwa kwa ajili ya upepo. Boti ya Robben Island nayo bahari ikichafuka haiendi. Itakuwa hasara kwa familia ya Kitanzania kukosa Robben Island. Mandela alikaa pale miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, na wengi wanaowatembeza wageni gerezani walifungwa humohumo. Mtoto wa Dar ambaye amepita Morogoro na kuonyeshwa Mazimbu, ambako ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilikuwa na shule yake, ana haki ya kuuona upande wa pili wa habari ile kukiwa na jua. Cape Town iwekeni Desemba ya mwaka mwingine, watoto wakiwa likizo, wapande mlima na wakawaone pengwini wa Boulders.

Kruger iliniumiza kichwa kidogo, maana ni mbuga ninayoipenda kwa ajili ya familia. Ina karibu kilomita za mraba 20,000, barabara zake kuu ni lami, kambi zake zina uzio, duka, jiko na choo safi, na baba anaendesha gari lake mwenyewe kwa kilomita 50 kwa saa bila kumtegemea mtu. Mngekuwa mnatoka nchi isiyo na mbuga, ningewapeleka huko kwanza. Ila nyinyi mna Mikumi na Serengeti machoni tayari, na kwa sehemu kubwa Kruger ingewaonyesha mnachokijua: simba chini ya mti, twiga barabarani, swala pala kila kona. Kitu ambacho hamjakiona ni maji yanavyotawala wanyama katika nchi kavu. Hicho kiko kwenye mstari mmoja, kutoka Zambezi kwenda Chobe, na kutoka Chobe kwenda Okavango.

Mstari huo Juni uko hivi. Mvua imekwisha tangu Aprili. Vidimbwi vya ndani ya pori vinakauka kimoja baada ya kingine, na kila kidimbwi kinapokauka, tembo waliokitegemea wanaondoka kuelekea mtoni. Hesabu ya mwaka 2022 iliyofanywa kwa ndege katika eneo la hifadhi la KAZA, linalounganisha Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, ilipata tembo wapatao 228,000, na zaidi ya 130,000 kati yao walikuwa Botswana. Kwa hiyo wewe huna haja ya kuwatafuta. Kaa mtoni, watakuja.

Mpango wangu ni huu basi. Siku ya kwanza mruke hadi Lusaka, mlale. Siku ya pili mchukue gari dogo la abiria lenye dereva hadi Livingstone, kilomita kama 475 kupitia Mazabuka, Monze na Choma. Ndiyo siku ndefu kuliko zote na naiweka mwanzoni kwa makusudi, wakati hamu ya safari bado iko juu. Njiani mle nshima, yaani ugali wao, kwa kapenta, na mwambie mama mkwe anaonja dagaa wa nyumbani: kapenta wa Ziwa Kariba walipandwa kule miaka ya 1960 kutoka Ziwa Tanganyika.

Livingstone mkae usiku nne. Wengi hutenga usiku mmoja, wakatazama maporomoko kwa saa mbili, wakaondoka. Maporomoko yana upana wa mita 1,708 na kina cha mita 108, na hayaonekani yote kutoka sehemu moja. Upande wa Zambia unasimama karibu na maji yanapodondoka, unalowa mpaka ndani ya viatu. Upande wa Zimbabwe unayatazama uso kwa uso. Mama mkwe aende upande wa Zimbabwe, njia yake ni tambarare na ina sehemu za kupumzikia. Lile daraja jembamba la miguu upande wa Zambia linateleza. Apite kijana wako wa miaka 14 pamoja na baba yake, nyinyi wengine mbaki. Makoti ya mvua yanakodishwa getini, ila mchukue mifuko ya plastiki ya simu na pasipoti kutoka nyumbani. Na chakula msishike mkononi. Nyani wa pale wanajua sauti ya mfuko wa bisikuti unapofunguliwa kuliko wanavyomjua simba.

Wenyeji wanayaita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na mtoto wa Kiswahili hahitaji mkalimani: mosi ndiyo moshi uleule. Mmisionari David Livingstone, ambaye mji umepewa jina lake, alifika pale Novemba 1855 akayaita jina la malkia wake. Mjini kuna jumba la makumbusho lenye vitu vyake. Waambie watoto kwamba mtu huyu alipofariki mwaka 1873, huko kaskazini mwa nchi hiyohiyo, ni watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliomkausha na kumbeba kwa miguu miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Nimeona watoto wa Dar wakikaa kimya mbele ya lile kabati la vioo, kwa sababu ghafla habari inafika mahali ambapo huwa wanakwenda kuogelea Jumapili.

Kabla ya kununua tiketi, angalieni kalenda ya mwezi. Siku za mwezi mpevu hifadhi hufunguliwa usiku, na Juni maji yanakuwa bado mengi, kwa hiyo manyunyu yanapanda na mwanga wa mwezi unachora upinde ndani yake. Rangi zake ni hafifu, karibu nyeupe, na inabidi utulie dakika chache ndipo jicho lizipate. Nimeuona mara tatu. Kama tarehe zinaruhusu, sogezeni safari nzima siku mbili au tatu kwa ajili ya jambo hilo.

Siku ya sita mvuke kwenda Botswana kwa daraja la Kazungula. Lilifunguliwa Mei 2021, lina urefu wa mita 923, na limepinda kama upinde kwa sababu nchi nne zinakaribiana pale na wajenzi walilikwepesha lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Zamani tulivuka kwa pantoni, na malori yalikuwa yakilala foleni siku nyingi. Sasa hivi Zambia na Botswana wanagonga mihuri ndani ya jengo moja.

Hapo mpakani, na tena mara mbili tatu mbele ya safari, mtasimamishwa mkanyage dawa. Kuna godoro au beseni lenye maji ya dawa, na viatu vyote vinapita humo, hata vile vilivyomo kwenye begi. Ni kinga dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe, ambao Botswana wanaupiga vita kwa ukali, kwani nyama ya ng'ombe ni mojawapo ya biashara zao za nje. Kwenye vizuizi hivyo vya barabarani nyama mbichi hainyang'anywi kwa ubaya, lakini inanyang'anywa. Msinunue kilo tatu za nyama Kasane mkitarajia kuzichoma Maun.

Kasane usiku tatu. Mji ni mdogo, ngiri wanakula nyasi pembeni mwa barabara wakiwa wamepiga magoti ya mbele, na jioni tembo hupita katikati ya nyumba. Kwa hiyo giza likiingia hakuna kutembea kwa miguu, hata kama duka liko hatua mia. Asubuhi moja mwende mbugani kwa gari la wazi, na jioni mbili mpande boti. Nasema mbili. Wateja hunipinga hapa, wanataka kutumia jioni ya pili kwa kitu kipya, na nikiwabana wakakubali, wanaporudi hunishukuru.

Jaribu kuona ninachokiona. Boti inazima injini kwenye kingo za kisiwa cha Sedudu, kile ambacho Botswana na Namibia waligombania hadi Mahakama ya Kimataifa ikaamua mwaka 1999 kwamba ni cha Botswana. Kundi la tembo linashuka ukingo wa upande wa pili na kuingia majini. Wakubwa wanatembea chini, wadogo wanaogelea, na kinachobaki juu ya maji ni ncha ya mkonga inayopumua. Wakifika kisiwani, tope la ukingo linateleza. Niliwahi kumtazama mtoto wa tembo akijaribu mara tano, kila mara akirudi chini na matope yakimfunika macho, mpaka jike mmoja akageuka, akamwekea paji la uso matakoni, akasukuma taratibu. Mtoto akapanda juu, akajitikisa, akaanza kumkimbiza ndege mweupe kana kwamba hakuna lililotokea. Hayo yote yalitokea umbali wa kutoka sebuleni hadi getini kwenu. Bibi wa miaka 68 aliyeketi kwenye kiti cha boti aliyaona sawasawa na kijana wa miaka 14, bila kuumia kiuno. Ndiyo maana naisisitiza boti kila mara.

Siku ya pili jioni tayari mnajua pa kutazama. Watoto wataanza kumwonyesha dereva: mamba amelala mdomo wazi, furukombe juu ya mti mkavu, kiboko anayeangalia kwa masikio.

Sasa zamu ya mume wako. Kipande cha kuendesha namwachia: kutoka Kasane hadi Nata, kilomita kama 300, mlale hapo, kesho yake Nata hadi Maun, nyingine 300. Gari mkodi Kasane na kuliacha Maun. Barabara ni lami, mnapita kushoto kama nyumbani, na pande zote mbili ni pori tupu. Ila mpe sharti moja, na lisivunjwe: saa kumi jioni gari liwe limeegeshwa. Njia ya Pandamatenga tembo wanavuka bila taarifa, na karibu na vijiji kuna punda na ng'ombe waliolala juu ya lami kwa sababu inahifadhi joto la mchana. Usiku huwaoni mpaka umewafikia.

Kwenye kukodi gari soma kila karatasi mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa na familia ya Morogoro, tukakodi gari katika nchi moja tuvuke nayo kwenda nyingine. Kampuni ilitupa barua ya ruhusa ya kuvuka mpaka, nikaiweka kwenye bahasha bila kuisoma vizuri. Ofisa wa mpakani aliisoma. Namba iliyoandikwa haikuwa ya gari letu. Tulirudishwa, tukapoteza siku nzima na usiku mmoja wa loji tuliokwisha kuulipia, na watoto wakala mikate mikavu kwenye kivuli cha lori. Kosa la kuandika lilikuwa la kampuni, lakini la kutosoma lilikuwa langu, na nimelibeba. Ndiyo sababu nyingine ya kuvuka mpaka na gari la dereva wa huko, halafu baba akodi gari akiwa tayari ndani ya Botswana asivuke nalo popote.

Kesho yake mnapotoka Nata, upande wa kushoto mtakuwa mnalipita jangwa la chumvi la Makgadikgadi. Mahali fulani salama, karibu na lami, teremkeni mtazame. Ni bonde jeupe lisilo na mti, lililokuwa ziwa kubwa zama za kale. Msiingize gari humo. Ukoko wa juu unaonekana mgumu, na chini yake ni tope linalomeza magurudumu.

Maun mnafikia siku ya kumi, na hapa ndipo penye ajabu ambayo naomba uwasimulie watoto kabla hawajafika. Juni hakuna tone la mvua Botswana, na mwezi huohuo mafuriko yanaingia Okavango. Maji hayo ni mvua iliyonyesha milima ya Angola miezi kadhaa nyuma. Yameshuka na mito ya Cubango na Cuito, yakaingia nchi iliyo tambarare kiasi kwamba yanatambaa polepole mno, na yakifika mchangani hayaelekei bahari yoyote. Yanasambaa, yanatengeneza maelfu ya visiwa, kisha mchanga na jua vinayamaliza. UNESCO waliliandikisha eneo hilo mwaka 2014 likiwa la 1,000 katika orodha ya urithi wa dunia. Batawana wenyewe, kabila la pale, walikuwa wamewahi zaidi: mwaka 1963 walijitengea hifadhi ya Moremi kwenye ardhi yao, wakiongozwa na mjane wa Chifu Moremi wa Tatu. Mama mkwe atalipenda hilo.

Fedha ya Botswana inaitwa pula, maana yake mvua. Ukishakaa wiki moja kwenye vumbi lile hutauliza kwa nini.

Usiku mbili mlale Khwai, kwenye ardhi ya kijiji inayopakana na Moremi. Barabara yake ni mchanga, na hapo baba apumzike: chukueni gari na dereva wa kule. Ndiko ninakowatafuta mbwa mwitu, wenye mabaka kama waliomwagiwa rangi, na siku nyingi nawapata. Mtakaporudi Maun, safari ya mtumbwi, ambao wao huuita mokoro, iwe ya baba na watoto wawili wakubwa. Mpiga pondo anasimama nyuma, wewe umekaa chini usawa wa maua ya yungiyungi. Waendeshaji wengi hawapokei watoto wadogo kwenye mtumbwi, na wana haki, maana viboko wapo. Wewe, mama mkwe na mdogo mpande ndege ndogo inayozunguka juu ya Okavango kwa muda usiozidi saa moja. Kutoka juu njia za tembo zinaonekana kama nyuzi zinazounganisha kidimbwi na kidimbwi, na ndipo mtaelewa mlipokuwa mkipita siku zote zile. Mtu mwenye tumbo dhaifu asile sana asubuhi hiyo.

Siku ya kumi na tatu mruke Maun hadi Johannesburg, ya kumi na nne nyumbani. Humo ndani nimewaachia mwanya wa siku moja isiyo na kazi. Msiijaze.

Jambo ambalo lazima uliulize kabla ya kulipa popote ni umri wa mtoto. Loji nyingi za kusini haziruhusu watoto chini ya miaka sita kwenye magari ya wazi, nyingine hata kulala haziwapokei, hasa kambi zisizo na uzio. Hata Kruger, ambayo ni rafiki wa familia, matembezi yao ya gari la wazi ni kuanzia miaka sita. Andika barua pepe, taja umri wa kila mmoja, na upate jibu la maandishi. Mara nyingi suluhisho ni kukodi gari zima liwe lenu peke yenu, na kwa watu sita bei yake haiumizi sana.

Karatasi: pasipoti za Tanzania haziombwi viza kwa matembezi mafupi Zambia, Zimbabwe, Botswana wala Afrika Kusini. Lakini kila mtoto awe na cheti halisi cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na nakala. Nchi za kule zinaogopa wizi wa watoto, na ofisa anaweza kukiomba. Ikitokea mume wako abaki nyuma kwa dharura ya kazi, unahitaji kiapo chake cha ridhaa kilichogongwa muhuri wa wakili. Kadi za njano za chanjo mchukue za wote sita, hata kama hamtaombwa. Na pasipoti iwe mkononi mnapolipa kiingilio cha hifadhi, kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa SADC na kuna sehemu, kama maporomoko upande wa Zimbabwe, zenye bei nafuu kwa watu wa ukanda. Usiposema, utatozwa ya wageni wa mbali.

Malaria: Juni mbu ni wachache, lakini Zambezi, Chobe na Okavango zote ni maeneo ya malaria. Msijidanganye kwamba mtu wa Dar ameshazoea. Muoneni daktari mwezi mmoja kabla, mumpe uzito wa watoto kwa kilo na dawa za presha za mama mkwe kama anazo, awachagulie dawa ya kinga. Mbung'o hamtawaona Okavango. Waliangamizwa kwa dawa iliyopulizwa kwa ndege mwaka 2001 na 2002.

Baridi ndiyo inayowaumbua watu wa Pwani kila mwaka. Mchana mtavaa fulana. Alfajiri, kwenye gari la wazi linalokwenda, ni nyuzi tano hadi kumi na upepo juu yake, na mtoto wa Dar hajawahi kukutana na kitu hicho. Kila mtu awe na kofia ya sufu, glovu, soksi mbili na koti linalozuia upepo. Ombeni jikoni mpira wa maji ya moto wa mama mkwe kuweka mapajani, huwa wanao. Vitenge viwili mviweke begini vilevile, vinafaa kufunika miguu, kufuta vumbi na kuweka pazia garini. Darubini msinunue moja ya familia. Watoto wataigombania tangu daraja la Kazungula.

Na huyu wa miaka mitano. Dada, usimwache.

Nilimsafirisha mtoto wa umri wake, msichana wa Tanga, njia hiihii, miaka kumi na moja iliyopita. Wazazi wake walikuwa na wasiwasi uleule. Tulimtengenezea mchezo wa kukusanya maneno: kila tulipopita aliuliza neno la mnyama kwa Kitswana, kaka yake akaliandika. Nyama ni nama. Nyati ni nare. Tembo ni tlou, na ukilitamka sawasawa unamsikia njovu wa makabila yetu ndani yake. Maji ni metsi, watu ni batho. Kwa kila neno alisalimia kwanza, "Dumela mma" kwa mama, "Dumela rra" kwa baba, na madereva wakawa wanamwita mbele kukaa nao.

Mwaka jana nilimkuta Tanga, ana miaka kumi na mitano. Simba wa Khwai hamkumbuki hata kidogo, na baba yake alilipa fedha nyingi kwa ajili ya simba wale. Anakumbuka kukanyaga beseni la dawa mpakani na viatu vyake vipya vyekundu, akalia. Anakumbuka ngiri wa Kasane waliokuwa wanakula wamepiga magoti, na bibi yake akimwambia wanaswali. Na maneno yale, aliponiona tu, aliyataja yote bila kupumua, akaishia na metsi.